Mgongo wa Mwanamke wa Mbele

Katika mji ule watu walikaa wakipeana migongo. Kila nyumba ilikuwa na watu wawili, na wawili hao walikalia benchi moja, mmoja akitazama mlango wa mashariki, mwenzake mlango wa magharibi. Walikula hivyo, waligombana hivyo, walizeeka hivyo. Ukiitazama nyumba kwa mbali hukuweza kusema inaelekea wapi, kwa kuwa alichokitazama huyu kilifutwa na alichokitazama yule. Nyumba zenyewe zilikuwa nyeupe, zote sawa, zimejipanga safu kwa safu, na mji mzima haukuelekea popote. Wenyeji hawakuona ubaya wowote katika jambo hilo. Aliyeona ubaya ni Mwenye Mji.

Mwenye Mji alikuwa na baraza, na barazani palining'inia sindano ya dira kwenye uzi mwembamba. Sindano haikutikisika. Asubuhi aliitazama, kama kweli ilikuwa asubuhi, maana huko asubuhi ilianza pale mtu yeyote alipofungua mlango, na walikuwepo watu waliofungua na kufunga milango kutwa nzima. Aliitazama sindano iliyolala na moyo ukamuuma. Mji usioelekea popote utamtii nani? Ndipo akatoa swali lake: nikiwaondoa watu wachache migongoni mwa wenzao, nikawapanda mmoja mmoja katikati ya nyumba za wengine, je, watatazama wote upande mmoja? Na wakitazama upande mmoja, si watauvuta mji mzima? Lakini Mwenye Mji hakuwa mtu wa pupa, au ndivyo alivyopenda isemwe. Aliagiza kwamba kabla ya watu, lijaribiwe jiwe.

Hivyo swali likashuka hadi Nyumba ya Hesabu, likatua mezani kwa Sikudhani.

Jiwe hilo hakuna aliyewahi kulishika. Lilikuwa jiwe la zinki na oksijeni, jeupe, la aina inayoitwa nusu kipitishi. Si shaba, inayoupitisha umeme bila kuuliza unakwenda wapi. Si chungu, kinachoufungia mlango. Ni jiwe la kusitasita, linaloupitisha leo na kuukataa kesho, na Sikudhani alilipenda kwa sababu hiyo, kwani yeye mwenyewe hakuwa mwepesi wa kuamua. Ndani yake hamkuwa na sumaku. Chembe zake nazo zilipeana migongo. Ila ukiing'oa atomu ya zinki hapa na pale, ukaweka mahali pake atomu ya kobalti, unaingiza mgeni: kobalti ina upande wake inaoutazama, na haina wa kuifutia. Je, kobalti zote zitatazama pamoja, jiwe liwe sumaku? Au kila moja itashika lake?

Hilo lilipigiwa hesabu kwenye mashine. Sikudhani alijenga sanduku la namba, akapanga ndani yake atomu chache, na kwa kuwa hakuna mashine iwezayo kulibeba jiwe zima, alifuata sheria ya kazi: kinachotoka kwa ukuta wa mashariki kiingie kwa ukuta wa magharibi. Sanduku moja lilijirudia mbele, nyuma, juu na chini, bila mwisho, na vichembe vile vichache vikajifanya jiwe. Kisha mashine ilijiuliza: kila mmoja anatazama wapi? Ikajijibu. Ikajiuliza tena, ikalilinganisha jibu jipya na la zamani, ikasahihisha, ikajiuliza tena. Siku ile ambayo jibu lake lilifanana na jibu lake, iliandika neno moja: Imekubali.

Sikudhani alikuwa ameliona neno hilo tangu ujana wake. Hata hivyo lilikuwa likimtia wasiwasi, kama mlango ambao mtu hakumbuki kama ameufunga. Anayekubaliana na nafsi yake, amekubaliana na nani? Aliwahi kumuuliza mkuu wake, Bwana Shebughe. Naye alicheka akasema, "Binti, ukikubaliana na nafsi yako tu, umewashinda wengi."

Sasa, pale palikuwa na desturi, na desturi hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote. Swali la Mwenye Mji lilikwenda na kahawa. Birika liliwekwa motoni siku swali linapotolewa. Jibu la kwanza likifika, kahawa inamiminwa kikombeni na watu wa majaribio wanachukuliwa. Jibu la pili, la kuthibitisha, likifika, Mwenye Mji anakunywa, na akishakunywa waashi wanatoka na chokaa na matofali kuujenga ukweli mpya ili usiondoke tena. Lakini kahawa ikipoa kikombeni kabla ya jibu la pili, inamwagwa, na swali linamwagwa nayo. Halitaulizwa tena. Kwa hiyo katika Nyumba ya Hesabu masanduku yalikuwa madogo. Sanduku kubwa ni la kweli zaidi, kila mtu alilijua hilo, lakini sanduku kubwa hupoza kahawa.

Sikudhani aliweka kobalti moja tu, katika sanduku dogo. Mashine ikakubali upesi ajabu. Kobalti zote zinatazama upande mmoja! Bwana Shebughe alilipeleka neno dirishani, akapaza sauti, na barazani kahawa ikamiminwa. Watu walimpongeza Sikudhani, wakamshika mkono, wakamwambia amefanya jambo. Alirudi nyumbani akiwa amevimba kichwa kidogo. Tusimlaumu, ni mara chache watu wa hesabu hushikwa mkono.

Akakuta benchi lina mtu mmoja pungufu.

Tangu mama yao afariki, Sikudhani alikuwa amepeana mgongo na mdogo wake, Chausiku. Walifanana sura mpaka wageni wakawadhania pacha, lakini ni sura tu. Chausiku alizaliwa akitanguliza miguu, na maisha yake yote aliyaendesha hivyo. Ukisema mvua itanyesha, atatoa nguo kuanika. Ukisema chai ina sukari nyingi, ataongeza. Sikudhani alikuwa amechoka na ubishi ule, Mungu anajua alivyochoka, na sasa alikalia benchi, akaegemea nyuma kama alivyozoea, nusura aanguke chali. Mgongo wake ulipata baridi ambayo hakuwahi kuijua. Jirani alisema bila kugeuka, "Wamemchukua. Amekwenda kupandwa." Kwa jibu la nani? Hakukuwa na haja ya kuuliza.

Ndipo alipotoka kwenda kumtafuta, kabla kikombe hakijafika mdomoni mwa Mwenye Mji.

*

Alitoka kwa mlango wa mashariki. Mtaa ulikuwa mweupe, na katika mtaa uliofuata, mbele yake kabisa, alimwona mwanamke anakwenda. Alimwona mgongo tu. Lakini kanga! Ilikuwa ile ya maua ya zambarau. Yeye na mdogo wake walikuwa wameigawana doti moja, kila mtu upande wake, na hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo. Begani, kushoto, kulikuwa na alama ya pasi, kahawia, umbo la jani. Huyo ndiye Chausiku mwenyewe, alijisemea, na uzembe wake wa pasi. Furaha ikamjaa mpaka machozi.

"Chausiku!" aliita.

Mwanamke wa mbele hakugeuka. Naye aliita, "Chausiku!" akimwita mtu aliyekuwa mbele yake. Na nyuma ya Sikudhani, karibu sana, sauti ya mwanamke iliita, "Chausiku!"

Alipigwa na butwaa. Aligeuka nyuma haraka, akamwona mwanamke, naye amegeuka nyuma haraka, anamwonyesha mgongo. Kanga ya zambarau. Jani la kahawia. Akatazama kulia kwenye njia panda: mgongo. Kushoto: mgongo. Akaanza kukimbia, na wa mbele akakimbia, na visigino vya wa nyuma vikasikika vikikimbia, na hakuna aliyemkaribia mwenziwe hata kidogo. Alipotweta, mji mzima ulitweta.

Wako wengi. Basi wako wengi kama mimi. Wote wanakwenda ninakokwenda. Wote wanamtafuta ninayemtafuta. Hiyo si faraja? Hiyo si ndiyo sumaku yenyewe? Nani alisema niko peke yangu. Lakini mbona hakuna mwenye uso. Nikisimama? Wamesimama. Nikicheka? Usicheke. Nimecheka, na wamecheka, na kicheko hakikuwa na mtu ndani yake. Jina langu nani? Niulize kwa sauti mmoja wao anijibu. Jina langu nani? Jina langu nani, jina langu nani. Wote wanauliza. Hakuna mwenye jibu, kwa sababu hakuna mwenye jibu tofauti.

Hapo akili zilimruka kidogo. Hakujua tena kama yeye ndiye wa mbele anayefuatwa au wa nyuma anayefuata, wala kama ameondoka nyumbani leo au ameondoka zamani na leo anaendelea tu kuondoka. Alihisi kwamba angeweza kufa pale mtaani na kila aliyepo angekufa kwa wakati uleule, na hakuna atakayebaki wa kulia. Akaupandisha mkono polepole hadi kwenye bega lake la kushoto. Chini ya vidole kitambaa kilikuwa kigumu, kimekauka. Alikumbuka: siku ile mashine ilipokubali alikuwa akipiga pasi, na mjumbe alipobisha hodi aliiacha pasi juu ya kanga akakimbilia sifa.

Kanga ya Chausiku haikuwa imeungua. Iliyoungua ni yake.

Alisimama. Mbele yake mwanamke amesimama, mkono begani. Alikuwa akijikimbiza mwenyewe. Ukuta wa mashariki, ukuta wa magharibi. Sanduku dogo, kobalti moja. Kumbe kobalti ile maskini ilipotazama mbele iliuona mgongo wake, ilipotazama nyuma iliuona mgongo wake, na mashine ikapiga makofi kwamba zote zimekubaliana. Ingewezaje kujikataa? Hata ingetaka kutazama kwingine, wenzake wote wangegeuka nayo, kwa kuwa wenzake wote walikuwa yeye.

*

Nyumba ya Hesabu haikuwa mbali. Alifungua mlango uliokuwa mbele yake, akajikuta ameingia kwa mlango wa nyuma.

"Shikamoo, Bwana Shebughe."

"Marahaba, binti. Umekuja wakati mzuri. Kikombe kimekwisha kuinuliwa. Wanangoja jibu la pili."

"Usilitoe. Sanduku ni dogo."

Bwana Shebughe alivua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti nzuri tu, na maisha yake yote alikuwa amesimama dirishani. "Dogo kwa nani?"

"Kwa kobalti. Iko peke yake mle ndani, Bwana. Inajiona yenyewe pande zote. Tumesema zote zinatazama upande mmoja. Hakuna zote. Iko moja."

"Lakini zimekubaliana."

"Nani na nani?"

Miwani ilifutwa upande wa pili. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikisema jambo dirishani hapa, nalisikia likisemwa mji mzima. Kila upande. Miaka yote hii. Unadhani ni raha ndogo hiyo?"

"Na ukinyamaza?"

"Wananyamaza wote." Akaivaa miwani. "Ndiyo maana huwa sinyamazi."

Sikudhani alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimtisha kuliko kila kitu, kwa sababu aliijua. Aliketi mbele ya mashine. Akazisukuma kuta za sanduku, mashariki mbali, magharibi mbali, na chumba nacho kikapanuka, dirisha la Bwana Shebughe likasogea hadi likawa dogo kama stempu. Akapanga zinki na oksijeni safu kwa safu mpaka vidole vikamuuma. Kisha akaweka kobalti mbili badala ya moja, zikiwa mbali moja na nyingine, na ya pili akaiacha huru igeuke itakavyo. Maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu wa pili huru katika sanduku lake.

"Kahawa itapoa!" aliita Bwana Shebughe kutoka mbali.

"Iache ipoe."

Mashine ikajiuliza. Ikajijibu. Majibu hayakufanana. Ikajiuliza tena, ikajijibu vingine, ikaanza kunguruma. Haikukubali. Sikudhani alifungua mlango akatoka.

Mtaa haukuwa ule. Ulikuwa mrefu, mrefu kupita kiasi, na mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu. Aliogopa utupu ule kuliko alivyoiogopa ile migongo. Kwa mara ya kwanza alikuwa peke yake kweli, na aligundua kwamba kuwa peke yake kweli kuna nafasi ndani yake, mtu mwingine anaweza kuingia. Alitembea. Alipita nyumba ambazo watu wawili wawili walikaa wakipeana migongo, akawasalimu, na kila mmoja alimjibu kivyake, wengine kwa kununa. Kivuli chake kilikuwa mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena. Hakuhesabu.

Mwishoni mwa mtaa, kwenye benchi moja, aliketi mtu anayemtazama. Ulikuwa uso. Sikudhani alikuwa amesahau jinsi uso unavyofanana na kitu kinachotaka kukuuliza swali.

"Chausiku!" aliita, akakaza masikio. Hakuna aliyerudia.

"Nini?" alisema Chausiku.

Kanga yake ya zambarau ilikuwa nzima, begani haina doa.

"Nimekuja kukuchukua. Inuka, twende. Akinywa ile kahawa, waashi wanakuja kukujengea ukuta hapo ulipo usitoke tena."

"Siendi."

"Chausiku, tafadhali."

"Siendi, dada. Walinikalisha hapa nitazame baraza. Nimetazama jalala. Kule mtaa wa pili wamempanda kijana mmoja, yeye anatazama mbuzi. Mwingine amefumba macho kabisa. Nani alikwambia tutatazama upande mmoja?"

"Mashine."

"Mashine." Chausiku alilirudia neno kana kwamba lina mchanga. "Na mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa mgongoni mwako? Kila siku, mgongoni mwako. Ungegeuza shingo tu ukaniuliza, 'Chausiku, watakubali?' Ningekwambia hapana, nawe ungekasirika, na ile kahawa isingemiminwa."

Sikudhani alitaka kujitetea. Alitaka kueleza habari za birika, na kuta, na haraka. Maneno yote aliyoyatafuta yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja lililomfaa. "Nisamehe," alisema.

"Leo sikusamehi."

Ndipo Sikudhani alipolia kwa sauti, na kilio kile kilikuwa cha furaha tupu. Tangu aondoke nyumbani kila alilolisema lilimrudia lilivyo. Hatimaye alikuwa amesema neno likaenda likakuta mtu, likarudi limekuwa neno jingine. Hakuna mgongo wa mbele ambao ungeweza kumwambia hivyo. Hakuna picha yake ambayo, hata angejirudia mpaka mwisho wa jiwe, ingeweza kumnyima msamaha.

Hakumshika mkono wala hakumvuta. Alizunguka benchi, akaketi upande wa pili, akaegemea nyuma taratibu, akiogopa kuanguka. Hakuanguka. Chausiku alitazama jalala lake, yeye akatazama mtaa mrefu alikotoka, na kwa mbali mtu angeapa kwamba benchi lile halielekei popote.

Barazani Mwenye Mji aliita, na sauti yake ilichukua muda mrefu kufika kwa sababu mji ulikuwa umekuwa mkubwa. "Imekubali?" Ilikuwa zamu ya Bwana Shebughe. Sikudhani alisubiri kuisikia ile sauti nzuri ikijaza kila upande. Haikuja. Bwana Shebughe alikuwa amenyamaza dirishani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mji haukunyamaza naye. Mbuzi alilia. Mtu alimgombeza mkewe kwa ajili ya chumvi. Mahali fulani mtoto alikataa kuoga. Huenda mzee yule alisimama pale akishangaa, mdomo wazi, akisikia vitu ambavyo hakuvisema. Halafu, kutoka mbali sana, ulisikika mlio mdogo wa kitu cha majimaji kikimwagwa juu ya mawe, na mlio wa kidole kikiipigapiga sindano iliyokataa kutikisika.

Sikudhani alishusha pumzi. "Imemwagwa," alisema. "Hawaji tena. Sasa tunaweza kurudi nyumbani."

"Hapana," alisema Chausiku, akauegemeza mgongo wake zaidi.